Ngiri ya Kushoto, Kisu cha Kulia

Kwa aliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita, au aliyelipata likiwa limeshafungiwa maandazi, mambo yamefika hapa.

Calist, mkamuaji wa alizeti pale Iguguno, mume wa Severina, alikuwa na ngiri upande wa kushoto. Akaenda kupasuliwa Singida mjini, kwenye hospitali ya binafsi ambayo jina lake tunalihifadhi, kwa kuwa wao wana wanasheria na sisi tuna gazeti tu. Akalazwa, akapigwa nusu kaputi, akalala. Alipozinduka akakuta mshono uko kulia.

Ngiri yenyewe ilikuwa bado iko kushoto, nzima, haina habari.

Mwanzoni Calist alidhani ndivyo madaktari wa kisasa wanavyofanya, wanazungukia mlango wa nyuma. Wiki ya tatu alipiga chafya kanisani, ngiri ikachomoza kusalimia, akakaa chini katikati ya wimbo. Severina alimtazama, akamnong'oneza, "Baba Eliana, wamekupasua pasipouma."

Ikafuata miezi minane ya barua. Hospitali ilijibu mara tatu. Barua ya kwanza ilimshukuru kwa kuchagua huduma zao. Ya pili ilieleza kwamba upasuaji wa kulia ulikuwa wa kinga. Ya tatu ilimpa ofa: arudi, apasuliwe upande uliobaki bure, na daktari yule yule.

Msaidizi wa kisheria wa kata alimwambia, "Usiende popote kutibiwa mpaka kamati ikuone. Hiyo ngiri ndiyo ushahidi wako."

Basi Calist akawa mtu anayetembea na ushahidi ndani ya suruali. Hakubeba gunia la alizeti. Hakusogeza pipa la mafuta. Alikohoa kwa hesabu. Nao ushahidi ukazidi kunenepa, mpaka Severina akaanza kuuita mheshimiwa. Tabibu mmoja wa zahanati alimwonya waziwazi: siku ngiri ikitoka ikakataa kurudi ndani, usisubiri kamati, kimbilia hospitali, maana hapo maisha yako yatahesabiwa kwa saa.

Ndipo ikafika Jumanne ya wiki hii, siku ya kamati ya uchunguzi kutoka Dodoma kusikiliza malalamiko.

* * *

Upepo wa Julai ulikuwa unapuliza vumbi mpaka kwenye meno. Calist alisimama nje ya ukumbi, koti limefungwa vifungo vyote, mkono mmoja mfukoni ukimshikilia mheshimiwa. Severina alikuwa ameingia ndani kuandikisha majina.

"Shikamoo, baba."

Aligeuka. Alikuwa Editha, nesi aliyempokea wodini siku ile. Binti mwembamba, rika la Eliana wake. Siku hiyo hakuvaa sare.

"Marahaba, mwanangu. Hujaenda kazini?"

"Nimesimamishwa, baba. Hukuambiwa?"

Calist hakuwa ameambiwa.

"Wameandika kwamba kosa ni langu," Editha akasema. "Kwamba mimi ndiye niliyetakiwa kukuwekea alama upande wa kupasua, na sikuweka. Kamati ikikubali, leseni yangu inakwenda. Baba, si nilikuchora? Mshale, kwa maka peni ya buluu. Ukacheka, ukasema nimekupiga chapa kama ng'ombe wa mnadani."

Calist alitazama viatu vyake.

"Unajua, mwanangu, dawa ilikuwa imeshanipanda. Sikumbuki vizuri."

"Dawa ulipewa saa nne. Mimi nilikuchora saa mbili."

"Utu uzima huu. Mambo yanapotea."

Utu uzima! Calist ana miaka arobaini na tisa, na anakumbuka jina la kila ng'ombe aliyepata kuwa zizini kwa baba yake, pamoja na waliouzwa kabla hajaanza shule. Editha alimwangalia kidogo, akasema, "Sawa, baba," akaondoka kwenda kukaa peke yake kwenye ngazi.

Sasa tuseme lile ambalo Calist hakumwambia msaidizi wa kisheria, wala mchungaji, wala mke wake kwa miezi minane.

Alichorwa. Mshale mzuri tu, mrefu kama kidole, unaoelekeza kwenye ngiri. Editha alipotoka, Calist aliingia bafuni kuvaa lile gauni la kijani la wagonjwa, akajitazama, likamjia wazo moja baya. Je, nikifa humo thieta? Wazee wa kanisa watakuja kuniosha. Watanifunua na kukuta mshale wa buluu unaelekeza kule. Watasema nini? Nani alichora, na kwa sababu gani? Msibani watu watazungumzia habari gani nyingine?

Akachukua sabuni ya kipande na dodoki, akasugua mpaka ngozi ikawaka. Mshale ukaisha. Akalala kitandani mtu wa heshima, akasubiri kuitwa.

Na ngiri nayo, mgonjwa akilala chali, hurudi ndani ikatulia kama haijawahi kuwepo.

* * *

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Daktari Martina, mama wa makamo mwenye miwani na sauti ya chini. Kulia na kushoto kwake walikaa wajumbe wawili. Upande wa hospitali alikaa Dakta Fabiano, mpasuaji, mwenye simu mbili mezani, zote zimewashwa. Pembeni yake alikuwa Wakili Michael, suti ya kijivu, tabasamu lisilochoka.

Kwanza Calist aliitwa chumba cha pembeni, akaambiwa ashushe suruali. Wajumbe walitazama kulia, wakatazama kushoto. Wakamwambia akohoe. Baada ya kukohoa kwa hesabu miezi minane, Calist alikohoa kwa moyo wake wote. Mheshimiwa alijitokeza mwenyewe, bila kuitwa mara ya pili.

Waliporudi ukumbini mwenyekiti alimwambia mwandishi, "Andika. Kovu la upasuaji, kulia. Ngiri, kushoto."

Wakili Michael akainuka.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba tujiulize, kushoto kwa nani? Daktari husimama akimtazama mgonjwa. Kushoto kwa mgonjwa, kwa daktari ni kulia. Hili ni suala la mtazamo."

"Wakili, nyoosha mkono wako wa kushoto."

Wakili akanyoosha.

"Mimi nimekaa nakutazama. Mkono ulionyoosha ni upi?"

Wakili aliutazama mkono wake kama umemsaliti.

"Wa kushoto, mheshimiwa."

"Ahsante. Ushushe. Jalada la mgonjwa liko wapi?"

"Kwa masikitiko makubwa, tulipohamisha masijala, majalada kadhaa yaliliwa na mchwa. La huyu mzee likiwamo."

"Na mchwa hao waliandikiwa taarifa?"

Watu wakacheka. Wakili naye akacheka, maana ndiyo kazi yake. Halafu akavaa uso wa msibani. Akasema hospitali haikatai kwamba lilitokea jambo la kusikitisha. Ila mfumo mzima ulikuwa sawa, isipokuwa mtumishi mmoja ambaye hakuweka alama. Mtumishi huyo ameshachukuliwa hatua.

Mtumishi huyo alikuwa kiti cha mwisho, mikono mapajani.

Mwenyekiti akatoa dakika kumi za chai.

* * *

Calist hakuwahi kufika kwenye chupa ya chai. Wakili Michael alimdaka kwenye korido, akamshika bega kama shemeji.

"Mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba."

"Sisi na wewe hatuna ugomvi. Tazama, wote tunatafuta mwenye kosa, na mwenye kosa tumeshampata. Utaulizwa kama ulichorwa. Wewe sema hukuchorwa. Leo leo tunaandika makubaliano, na wiki ijayo unapasuliwa Dodoma, na bingwa, kwa gharama yetu. Unarudi kwenye mashine yako mzima."

"Na yule binti?"

"Binti ni mdogo, atapata kazi nyingine. Hata duka la dawa anaweza kufungua."

"Bila leseni?"

Wakili akampiga piga begani. "Fikiria ngiri yako, mzee."

Calist hakuhitaji kukumbushwa. Tangu akohoe mle chumbani ilikuwa inamvuta kama kamba ya kisima. Akawaza Dodoma, akawaza bingwa. Akawaza kubeba gunia tena na kupiga chafya kama binadamu wengine. Tena hakuombwa jambo kubwa. Neno moja tu, na uongo wenyewe alikuwa ameshauanza asubuhi, bila hata kuahidiwa chochote.

Hilo ndilo lililomkera. Kwamba yeye alidanganya bure, na wakili huyu anadanganya kwa mshahara, na kati yao wawili wakili ndiye mwenye akili.

Severina alimkuta amesimama pale pale.

"Alikuwa anataka nini?"

"Anasalimia."

"Watu hawa hawasalimii, Baba Eliana. Twende ndani."

* * *

Editha aliitwa wa kwanza.

"Nilimchora," alisema. "Upande wa kushoto."

"Una ushahidi gani?" Wakili Michael aliuliza.

"Ushahidi ulikuwa mwilini mwake."

"Daktari hakuuona. Ulikuwa wa wino au wa maombi?"

Safari hii hakucheka mtu. Editha alibana midomo, akakaa.

"Mheshimiwa," Wakili akasema, "mgonjwa yupo hapa. Hana sababu ya kututetea sisi, ametushitaki. Aulizwe yeye."

Mwenyekiti akageuka. "Ndugu Calist, kabla ya upasuaji uliwekewa alama yoyote mwilini?"

Calist akainuka polepole, mkono mfukoni. Wakili Michael alikuwa anamtazama kwa upendo. Severina alikuwa anamtazama kama anavyotazama mzani wa wanunuzi wa alizeti. Editha peke yake hakumtazama. Alikuwa ameinama, anakunja na kukunjua ncha ya kitenge chake.

Kama Editha angemtazama kwa chuki, Calist angedanganya. Alikuja kukiri hivyo baadaye. Angepata nguvu ya kukasirika, angesema. Lakini mtu aliyeshakata tamaa hakupi hata nafasi ya kugombana naye.

"Nilichorwa," akasema.

Tabasamu la Wakili Michael likapunguka upande mmoja.

"Mshale. Maka peni ya buluu. Huku, kushoto."

"Basi mshale huo ulikwenda wapi?" Wakili akadakia.

"Niliufuta."

"Uliufuta?"

"Kwa sabuni ya kipande. Na dodoki."

Juu, upepo ukaligonga bati la ukumbi.

"Kwa nini, ndugu?" mwenyekiti akauliza, bila ukali.

Calist akaeleza yote. Kuhusu kufa, kuhusu wazee wa kanisa, kuhusu kuoshwa, kuhusu mshale na mahali ulipoelekeza. Mjumbe wa kulia alishikwa na kikohozi cha ghafla, akageukia dirishani mabega yakitikisika. Severina alisema neno moja la Kinyiramba ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa.

"Binti hana kosa," Calist akamalizia. "Asubuhi aliniuliza, nikamdanganya. Nilikuwa naona aibu. Nisamehe, mwanangu."

Editha aliinua uso. Aliacha tu kukunja kile kitenge.

Wakili Michael alikuwa ameshasimama, mikono hewani kama mchungaji wa uamsho.

"Mheshimiwa! Shauri limekwisha! Mlalamikaji mwenyewe kafuta alama kwa mikono yake, kwa dodoki! Kisha anamlaumu daktari! Naomba malalamiko haya yatupwe!"

Calist alikaa. Alijua amejimaliza. Miezi minane ya kukohoa kwa hesabu, na sasa atarudi Iguguno na ngiri ile ile, na jina jipya. Vijana wa mashineni wataanza kumwita Dodoki kabla ya Ijumaa.

Na pengine ingekuwa hivyo, kama Dakta Fabiano angeendelea kunyamaza.

Tangu asubuhi daktari alikuwa hajasema neno. Lakini furaha ni kitu kibaya kwa mtu asiyeizoea mbele ya kamati. Alizisukuma simu zake pembeni, akasimama pia, uso unang'aa.

"Ndicho nilichokuwa nasema siku zote! Mimi sikukuta alama. Sasa ningefanya nini? Nikafuata jalada. Jalada limeandikwa kulia, nikapasua kulia!"

Wakili Michael alifumba macho.

"Jalada," mwenyekiti akasema.

"Ndiyo, mheshimiwa. Jalada la mgonjwa."

"Lile lililoliwa na mchwa?"

Daktari alimtazama wakili wake. Wakili wake alikuwa anatazama dari.

"Limeandikwa, ulisema. Hukusema lilikuwa limeandikwa. Kwa hiyo lipo. Liko wapi, daktari?"

"Liko... limehifadhiwa. Kabatini kwangu."

"Mjumbe wangu atakwenda na dereva sasa hivi kulichukua. Ufunguo, tafadhali. Na simu zako zote mbili ziweke hapa mezani kwangu."

* * *

Wakati wa kusubiri, Severina alihamia kiti cha karibu na mumewe.

"Miezi minane tunalala kitanda kimoja," alisema kwa sauti ya chini, "na wewe una mshale umeuficha."

"Niliona aibu, Mama Eliana."

"Aibu ya mshale! Mimi naishi na ngiri yenyewe, sijaona aibu."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe tukifika nyumbani. Hapa watu wanatutazama." Kisha akamvuta koti, akalifungua kifungo kimoja. "Inauma?"

"Inavuta."

"Ikizidi useme. Usije ukaona aibu hata kufa."

Mjumbe alirudi na jalada la kahawia. Halikuwa na tundu hata moja. Kama kuna mchwa aliyewahi kulipitia, alilisoma tu akaliacha.

Mwenyekiti alilifungua ukurasa wa katikati.

"Ngiri, upande wa kulia. Ni kweli limeandikwa kulia."

Wakili Michael akafumbua jicho moja.

"Umri, miaka sitini na minane." Mwenyekiti akanyanyua uso. "Ndugu Calist, una miaka mingapi?"

"Arobaini na tisa."

"Makazi, Mtinko?"

"Hapana, mheshimiwa. Mimi wa Iguguno."

Daktari Martina alilifunga jalada, akasoma jina lililo juu. Akalisoma tena. Aliposema, sauti yake ilikuwa imeshuka zaidi.

"Hili si jalada la Calist. Hili ni la mgonjwa anayeitwa Peniel. Tarehe ya upasuaji ni ile ile. Na hapa kwenye ukurasa wa kwanza kuna maandishi mekundu. Mgonjwa ana tatizo kubwa la moyo. Asipewe dawa ya usingizi mpaka aonwe na bingwa wa moyo."

"Kwa hiyo siku hiyo mlikuwa na wagonjwa wawili wa ngiri," akasema. "Mmoja kushoto, mmoja kulia. Calist alipasuliwa kwa jalada la Peniel. Daktari Fabiano, huyu Peniel alipasuliwa kwa jalada la nani?"

Dakta Fabiano aliomba maji. Glasi ilikuwa mbele yake, imejaa.

Calist alimjua huyo Peniel. Alikuwa anamkumbuka. Kitanda cha jirani, mzee mwenye sweta la kijani lililotoboka kiwikoni, mcheshi, aliyekuwa akiongea Kinyaturu na kila nesi aliyepita, ajue au asijue. Ndiye aliyetangulia kuingizwa thieta. Wakati kitanda chake kinasukumwa alimpungia Calist mkono, akamwambia asiogope, akitoka atamsimulia kila kitu.

Calist alijikuta amesimama bila kuitwa.

"Mheshimiwa, huyo mzee nilikuwa naye wodini. Nilipozinduka, godoro lake lilikuwa limekunjwa. Niliuliza. Nikaambiwa ameruhusiwa, amekwenda nyumbani."

"Siku ile ile ya upasuaji?"

"Saa ile ile. Mimi nikasema, mzee wa watu ana bahati. Ila viatu vyake vilikuwa bado viko chini ya kitanda."

Editha aliweka kiganja mdomoni.

Mwenyekiti alivua miwani, akaiweka juu ya jalada, taratibu, kama anayeogopa kuamsha mtu.

"Daktari," akasema, "nakuuliza mara moja tu, na mwandishi anaandika. Mzee Peniel alitoka hospitalini kwako kwa mlango upi?"